Kikundi cha mashabiki kinataka kuichangia hospitali: fedha zipitie kwetu au ziende moja kwa moja?

Katibu_wa_Tawi (Tanga)

Habari zenu, ndugu wanajukwaa.

Mimi ni katibu wa kikundi cha mashabiki wa klabu moja ya Uingereza. Tulianza kwa kukutana kwenye kibanda umiza kila mwisho wa juma, baadaye tukafungua kundi la WhatsApp, na leo wanachama wetu wako Tanga mjini, Muheza na Pangani, na wengine wamekwenda kutafuta maisha Muscat na Doha lakini hawajatoka kundini. Kwenye misiba tunachangiana bila kusukumana. Sasa imetolewa hoja kwamba tutoke nje ya mambo yetu wenyewe na kuisaidia wodi ya wazazi ya hospitali yetu, nami naiunga mkono kwa moyo wote.

Tumekwama mahali pawili. Baadhi wanataka michango yote itumwe kwenye simu ya mwekahazina, kama tufanyavyo kwenye misiba, lakini wengine wanakikumbuka kikundi cha jirani kilichovunjika baada ya mchango wa mafuriko ambao hesabu zake hazikusomwa mpaka leo. Jambo la pili ni kwamba wenzetu wengi ni madereva wa bodaboda na wauzaji wa mitumba, na tukiweka kima cha chini tutakuwa tumewafukuza kwa adabu. Naomba mawazo ya waliowahi kushiriki kazi kama hii, hasa kupitia makundi ya mashabiki wa mtandaoni.

---

Nuru_wa_Zambarau (Nairobi)

Ndugu Katibu, mimi ni ARMY, yaani shabiki wa kundi la BTS la Korea Kusini, na ninaamini swali lako la kwanza mashabiki wenzetu walikwisha kulijibu kwa vitendo. Mwaka 2018 baadhi yao waliunda kikundi cha kujitolea kiitwacho One In An ARMY. Wanaokiendesha wanaishi nchi mbalimbali, na kazi yao ni kuchagua shirika moja la hisani, kulichunguza, kisha kuwaeleza mashabiki kwa lugha nyepesi shirika hilo hufanya nini na namna ya kulichangia. Fedha haziingii mikononi mwao. Kila mtu hutoa alichonacho, hata kiwe kidogo namna gani, nacho hufika moja kwa moja kwa walengwa.

Juni 2020, ilipojulikana kwamba BTS na kampuni yao wametoa dola milioni 1 kwa harakati ya kutetea haki za watu weusi nchini Marekani, mashabiki walitaka kutoa kiasi kama hicho. Walikifikisha kwa muda wa siku moja hivi, na fedha ziligawanywa kwa mashirika kadhaa kupitia ukurasa uliokuwa tayari. Kasi ile watu wengi waliiona kama muujiza wa umaarufu. Mimi naona ilitokana na maandalizi: kikundi kilikuwa kimeendesha kampeni ndogondogo kwa takribani miaka miwili, wasimamizi walikuwa wanafahamika, na watu walikwisha kuzoea kutoa. Kwa hiyo nakushauri uanze na jambo dogo ambalo kikundi chako kitalimaliza na kulitolea taarifa, kabla hujatangaza jambo kubwa. Nakuomba pia usibandike orodha ya majina yenye viwango vya fedha kundini. Kwenye misiba tumeizoea, lakini orodha hiyo ndiyo humfanya mwenye shilingi elfu moja akae kimya.

---

Mswahili_wa_Merseyside (Uingereza)

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema Dada Nuru, nami naongeza mfano wa mashabiki wa mpira hasa. Mjini Liverpool, mwaka 2015, mashabiki wa Liverpool na wa Everton, ambao ni watani wa jadi kama walivyo Simba na Yanga, waliungana kuanzisha Fans Supporting Foodbanks ili kuzisaidia benki za chakula, yaani mahali ambapo familia zilizoishiwa hupewa chakula cha siku chache. Walianza kwa kuweka pipa la taka la magurudumu, jipya na safi, karibu na uwanja siku ya mechi, na kila aliyepita aliombwa atumbukize kopo la maharage, pakiti ya tambi au nepi za mtoto. Kauli yao ni kwamba njaa haivai rangi za klabu. Rangi waliyoichagua ni zambarau, kwa sababu ndiyo inayopatikana ukichanganya nyekundu ya Liverpool na buluu ya Everton.

Hapa kuna mambo mawili ambayo Ndugu Katibu anaweza kuyachukua. Kopo la maharage halina jina la aliyelitoa wala halimwaibishi mtu, na anayeliweka huliona likiingia ndani ya pipa, kwa hiyo shaka hupungua sana. Kisha kazi yenyewe imefungwa kwenye ratiba ya mechi. Hakuna anayehitaji kuwakumbusha watu siku ya kuchangia, maana siku hiyo wangekuja uwanjani kwa vyovyote vile. Kibanda umiza chenu kinaweza kufanya kazi hiyohiyo, na mkiwashirikisha mashabiki wa timu pinzani mtapata watu mara mbili.

---

Muuguzi_Moro (Morogoro)

Ndugu Katibu, umeitaja wodi ya wazazi, nami nimefanya kazi katika wodi hiyo. Ruhusuni niseme kwa kirefu kidogo. Vijana wako wa bodaboda wanacho kitu ambacho fedha za kundi zima haziwezi kukinunua dukani, nacho ni damu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha kwa muda mfupi sana, na muuguzi anapofungua jokofu na kukuta hakuna damu ya kundi linalohitajika, pamba na mashuka mapya yaliyochangwa hayamsaidii mama huyo. Damu hiyohiyo ndiyo wanayoihitaji watoto waliopungukiwa damu kwa malaria, majeruhi wa ajali na wagonjwa wa seli mundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao.

Mashabiki hukosea katika jambo moja, hata wakiwa na nia njema: hufanya tamasha. Watu wengi hutoa damu siku moja, picha zinapigwa, kisha kimya mwaka mzima. Damu haiwekwi kama mahindi ghalani. Seli nyekundu hudumu siku 35 hadi 42, kutegemea dawa ya kuhifadhia iliyomo kwenye mfuko, na zikipita siku hizo humwagwa. Ni afadhali watu kumi na watano kila mwezi kuliko mia mbili siku ya kilele. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kigawe kikundi chako katika zamu, na uzipe uzito zamu za Juni na Desemba, kwa sababu wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa na shule zikifungwa akiba hushuka. Desemba ndio mwezi ambao ligi ya Uingereza haipumziki, kwa hiyo watu wako wote wako kibandani.

Nendeni kwanza kwa wahusika wa Damu Salama, yaani mpango wa taifa wa kukusanya damu, hospitalini, wawapangie siku na kuwaeleza makundi ya damu yanayopungua. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 na kuendelea, awe na uzito wa kilo 50 au zaidi, na awe amekula. Atapimwa wingi wa damu kabla ya kutolewa, na damu yake itapimwa VVU, homa ya ini na kaswende. Kutoa kwenyewe hakuzidi robo saa, kisha hukaa pembeni na soda yake na biskuti. Gharama ya soda na biskuti hizo mnaweza kuibeba ninyi.

Nawasihi pia msiingie wodini na kamera. Mama aliyelala pale hajaomba kuwa picha ya kundi la mashabiki.

---

Katibu_wa_Tawi (Tanga)

Nawashukuru sana. Suala la zamu limenigusa, na nitalipeleka kwenye kikao cha Jumamosi. Naomba kuuliza tena: wenzetu wa Muscat na Doha hawawezi kuja kutoa damu hapa, nao wanataka kutuma fedha. Tufanyeje ili fedha hizo zisikae mfukoni mwa mtu?

---

Hesabu_Wazi (Dodoma)

Ndugu Katibu, nenda kwa mganga mfawidhi na barua ya kikundi, umwombe akuandikie mahitaji ya wodi kwa mpangilio wa uzito, kwa maana mara nyingi wachangiaji hupeleka mashuka mahali ambapo kinachokosekana ni mashine ya kupimia shinikizo la damu. Ikiwa mnataka kulipa madeni ya wagonjwa wasio na uwezo, hospitali ya Serikali hutoa ankara yenye kumbukumbu namba ya malipo, na mwenzenu aliye Muscat anaweza kumtuma ndugu yake ailipie kwa simu, stakabadhi ikabaki kuwa ushahidi. Ikiwa mnanunua kifaa, mlipeni muuzaji moja kwa moja, kifaa kipokelewe kwa maandishi na kiingizwe kwenye daftari la mali la hospitali.

Fedha chache ambazo hazina budi kupitia kwenu, kama zile za soda, ziwekeni kwenye huduma ya vikoba kwa simu inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha utoaji. Hesabu isomwe kundini siku ileile fedha zinapotumika, pamoja na picha ya risiti, hata kama ni shilingi elfu kumi tu.

---

Muuguzi_Moro (Morogoro)

Naongeza jambo moja kwa walioko Ghuba: huko nako kuna wagonjwa. Wakiwa na afya na wakikubaliwa na vituo vya damu vya huko, wachangie hukohuko na kuingizwa kwenye zamu za kikundi kama wengine.