Jeli inaonyesha miche yote ya migomba ni sawa. Je, nisaini?

Mdau wa Tishu
Habari za kazi wakuu. Nipo maabara inayozalisha miche ya migomba kwa tishu (kukuza vipande vidogo vya mmea kwenye chupa), aina ya Cavendish. Tumetoa DNA kwenye majani machanga, tukaendesha PCR (kunakili vipande vya DNA) kwa praima (vipande vifupi vinavyoanzisha kunakili) za RAPD na ISSR, mbinu mbili za kulinganisha vinasaba, na kila mche umetoa mistari ileile kwenye jeli inayotenganisha vipande hivyo kwa urefu. Kiongozi wangu anataka niandike cheti kwamba miche haina tofauti yoyote ya vinasaba. Moyo unasita. Mkulima atatunza mgomba miezi mingi kabla ya kuona mkungu, na ukitoka na kasoro, muda wake haurudi. Nipime nini zaidi?

Fundi Jeli
Mkuu, mgomba mama ulikuwepo kwenye jeli hiyohiyo? Mkilinganisha miche yenyewe kwa yenyewe, chipukizi lililobadilika mapema linaweza kuzaa kundi zima lenye kasoro moja, na jeli ikaonyesha "sawa".

Halafu RAPD ina usumbufu wake. Praima ni ya herufi 10 za DNA tu na hushika kwenye joto la chini, kama nyuzi 36, kwa hiyo DNA ikiwa chafu mistari inacheza. Na majani ya mgomba yanavyojua kuchafua! Myeyusho ukigeuka kahawia, ongeza kemikali za kuzuia ukahawia, PVP na beta-mekaptoethanoli, kwenye bafa ya CTAB (myeyusho wa kutolea DNA). Rudia sampuli kuanzia kutoa DNA, si PCR peke yake, kisha hesabu mistari inayojirudia tu.

Mdau wa Tishu
DNA ya mama ipo kwenye friza, nitaiweka. Ila sampuli zote zimetoka mzunguko wa mwisho wa kugawa machipukizi.

Kijana wa SSR
Tumia SSR (alama za herufi chache za DNA zinazojirudia), utamaliza ubishi.

Bi Maabara
Hapana mwanangu, SSR inafaa zaidi kuthibitisha kwamba aina ni ile uliyoikusudia. Cavendish ina seti tatu za kromosomu, utaona hadi mistari mitatu kwa eneo moja, lakini mabadiliko madogo kati ya miche ya mama mmoja yataipita.

Mdau, usisaini sentensi hiyo. Jenomu (DNA yote) ya ndizi mwitu iliyosomwa mwaka 2012 ina takribani herufi milioni 523. Praima zako zimegusa sehemu ndogo mno. Andika: "Hakuna tofauti iliyoonekana kwenye maeneo yaliyopimwa," na utaje idadi ya praima na mistari.

Tena, mabadiliko mengine hayagusi mpangilio wa herufi kabisa, ni methili tu (kikundi kidogo cha kemikali kinachobandikwa kwenye DNA) iliyoongezeka au kupungua. Hayo yatafute kwa MSAP, kipimo cha methili: vimeng'enya HpaII na MspI hukata DNA palepale kwenye herufi CCGG, ila methili huvizuia kwa namna tofauti.

Na macho yasistaafu. Kasoro iliyozoeleka kwa Cavendish ni ufupi: majani mafupi mapana, vikonyo vimebanana. Ukiupata mmoja kitaluni, upime pamoja na wengine. Kama praima zako haziutofautishi hata huo, usawa wa jeli yako haujakuambia kitu kuhusu ufupi.

Mdau wa Tishu
Nimekuelewa Bi Maabara, shikamoo. Sentensi naibadilisha leo.

Fundi Jeli
Chukua pia sampuli za mizunguko ya mwanzo na katikati, na punguza mizunguko yenyewe pamoja na BAP (homoni ya kuchochea machipukizi). Kila trei iandikwe namba ya chipukizi lilikotoka, ili kasoro ikionekana mjue miche ipi ya kuzuia.