Wanaume: siku tano kwa begi moja la mgongoni, tupeane uzoefu

Wakuu, uzi huu ni wa wanaume wanaosafiri kikazi na bado wanataka kuonekana nadhifu bila kuburuta masanduku. Tuchukue safari moja: Dar kwenda Arusha mwezi wa saba, siku tano, vikao viwili na harusi Jumamosi. Kwenda kwa basi, kurudi kwa ndege inayoruhusu kilo 7 za mkononi. Mwenye ujuzi aweke vipimo na sababu.

---

Anza na viatu, maana ndivyo vinavyoamua rangi ya kila kitu kingine. Jozi moja ya ngozi inakaribia kilo nzima na haikunjiki. Kwa hiyo beba jozi moja tu, kahawia iliyokolea, na mkanda wa rangi hiyohiyo, uvivae tangu unatoka nyumbani. Begini ziingie ndala peke yake. Kahawia inakaa vizuri na kadeti ya kaki, ya kijivu na ya bluu iliyokolea. Viatu vyeusi juu ya kaki vinagombana.

Baada ya hapo: kadeti mbili, mashati matatu (jeupe, bluu mpauko, drafti ndogo), fulana mbili, boksa tatu, soksi jozi tatu, sweta jembamba. Kila shati likubali kila suruali. Linalokwenda na suruali moja tu libaki kabatini, hata kama ndilo unalolipenda kuliko yote.

Jinzi iachwe. Nzito inafika gramu 800, kadeti ni kama nusu yake, na jinzi ikilowa Arusha mwezi wa saba usitegemee kuivaa kesho yake.

---

Nakazia begi lenyewe. Sanduku la magurudumu likiwa tupu linakula kilo mbili na nusu hadi tatu, karibu nusu ya ruhusa yako. Begi la mgongoni la lita 35 ni kilo moja na ushee, tena linapita kwenye keria ya ndani ya basi. Hilo ni muhimu, kwa sababu kwenye buti kuna vumbi, na jirani yake anaweza kuwa dumu la mafuta ya kula. Vizito vikae karibu na mgongo, siyo chini kabisa, la sivyo begi linakuvuta nyuma na shati ulilovaa linakunjamana mabegani.

---

Koti la harusi linawashinda wengi, na tatizo ni ukunjaji. Toa kila kitu mifukoni. Ingiza mkono ndani ya bega la kushoto uligeuze, bitana itoke nje. Bega la kulia usiligeuze. Lichomeke ndani ya lile la kushoto hadi mishono ya mabega ikutane. Sasa bitana yote iko nje na kitambaa kimegusana chenyewe kwa chenyewe, hivyo hakisuguliwi na kitu. Nyoosha kola, kisha kunja mara moja tu kiunoni, na katikati ya mkunjo weka fulana ulizoviringisha. Fulana hizo ndizo zinazozuia ule mstari mkali ambao hata pasi inauhangaikia.

Ukifika, litoe kabla hujakaa. Kama bafu lina maji ya moto, yafungulie mvuke ujae, ulitundike humo dakika 10 hadi 15 mlango ukiwa umefungwa. Kama hayapo, nyunyizia maji kidogo kwa viganja na ulitundike mbele ya feni.

---

Kama kadi ya harusi haisemi tai, kwangu mshindi ni kaunda suti. Huhitaji shati la ndani wala tai, na koti lake unalivaa tena Jumatatu juu ya kadeti ya kaki. Mita tatu za kitambaa cha upana wa sentimita 150 zinamtosha mtu wa umbo la kawaida. Mwambie fundi asiweke bitana nzito, na achague kitambaa chenye mchanganyiko wa sufu. Polista tupu inashika harufu ya jasho na haiachii kwa urahisi.

---

Mkuu, boksa tatu kweli zinatosha siku tano?

---

Zinatosha ukifua kila jioni: moja mwilini, moja inakauka, moja safi. Fua kwa sabuni ya kipande na kamua. Halafu tandaza taulo kavu, weka nguo juu yake, viringisha pamoja kwa nguvu na uikanyage kwa goti. Taulo linanyonya maji ambayo mikono haiwezi kuyatoa, na feni inamaliza kazi usiku. Hii inashindwa kwenye pamba nene, na kwa Dar wakati wa masika inashindwa hata kwenye fulana za kawaida. Chagua nyembamba.

---

Kwa ukaguzi wa ndege: mafuta ya mgando yanahesabiwa kama kimiminika, kwa hiyo kopo lisizidi mililita 100. Wembe mtupu haupiti mkononi. Wembe wa mpini unaotupwa kwa kawaida unapita. Pawabenki isiingie kwenye mzigo wa chini, ibaki nawe, na iwe chini ya wati-saa 100. Ya mAh 20,000 ni kama 74, kwa hiyo iko salama.

Nguo chafu ziwekwe kwenye mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Na nguo za mabaka ya kijeshi usizibebe kabisa, raia haruhusiwi kuzivaa.

---

Anayeunganisha Zanzibar kwa ajili ya harusi au Ijumaa: kanzu ikunje kwa urefu mara tatu, kisha iviringishe kwenye kikoi. Kikoi hicho ndicho taulo lako na shuka lako la ufukweni, kwa hiyo taulo nene liache. Kofia iliyoshonwa kwa mkono usiilaze bapa. Ijaze soksi safi zilizo kavu kabisa ili ibaki na umbo, iweke juu ya kila kitu begini, na chupa ya maji iwe mfuko wa nje, kwa sababu unyevu ukifika kwenye wanga kofia inalegea na hutaipata sawa mpaka uitie wanga upya.