Hakimu ananidhalilisha kila siku ya kesi, nimshtaki wapi bila kuharibu mirathi yetu?

BintiWaTatu
Wakuu habari za jioni. Baba alifariki mwaka jana, tukafungua mirathi mahakama ya mwanzo, kikao cha ukoo kikanipendekeza mimi niwe msimamizi, ba'mdogo akaweka pingamizi. Hapo sina neno, ni haki yake. Shida ni hakimu. Tunafika saa mbili anaingia saa tano, nikisimama nijieleze ananikata, siku ya kwanza kaniuliza "wewe unatafuta mali au mume" watu wakacheka mpaka karani, na juzi mama kajikwaa tarehe ya ndoa yake akaambiwa kazeeka vibaya, mama wa watu kalia njia nzima kwenye daladala. Rushwa hajaomba, nisimsingizie. Ni mdomo tu. Nikilalamika si atanikomoa kwenye uamuzi?

Kipanga
Pole sis. Vumilia umalize, hao wanalindana.

MzeeWaMasjala
Kipanga usimpoteze mtoto wa watu. Hakimu wa mahakama ya mwanzo ana kamati yake ya maadili ya wilaya, mwenyekiti DC, yaani mkuu wa wilaya, wale wa mahakama ya wilaya na mahakimu wakazi wanaenda kamati ya mkoa kwa RC, mkuu wa mkoa, ipo kwenye sheria yetu ya Tanzania ya usimamizi wa mahakama ya 2011. Kamati inachunguza, rungu la kumwadhibu linalo Tume ya Utumishi wa Mahakama. Sasa barua yako usiandike "ana dharau", andika neno kwa neno alichosema, tarehe, namba ya shauri na waliokuwepo. Na uamuzi wake usiuguse humo kabisa! Uamuzi ni rufaa, siku 30 kwenda mahakama ya wilaya, kamati haitengui hukumu ya mtu. Nimeona barua nyingi nzuri zimekufa kwa kuchanganya hayo mawili.

OtienoWaKisumu
Huku Kenya jaji anashtakiwa kwa JSC, tume yetu ya utumishi wa mahakama, kifungu 168 cha katiba. Na si lazima iwe kortini, naibu jaji mkuu Nancy Baraza aliachia ngazi 2012 juu ya kumfinya pua askari wa kike pale Village Market, jopo lilikuwa limeshasema aondolewe.

BintiWaTatu
Kumbe pua tu! Mzee asante, ila kesi bado ipo mbele yake. Nikamrekodi na simu?

MzeeWaMasjala
Thubutu, utageuka mshtakiwa wewe. Muone kwanza hakimu mfawidhi wa wilaya, yule msimamizi wa mahakama ya wilaya, omba shauri lihamishwe, mahakama ya wilaya ina uwezo huo.

BintiWaTatu
Sawa. Kuna mama wawili walikaa nyuma yangu siku ile na wenyewe wana kesi yao ya shamba, namba zao ninazo, kesho nawapigia kama watakubali kusema.

MzeeWaMasjala
Hao hao. Na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, usiondoke bila muhuri.