Naomba ushauri, nyonga ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Habari zenu ndugu, niko huku Arua, Uganda. Binti yangu ana miaka 7, ana mtindio wa ubongo, hatembei wala hakai bila kushikiliwa. Siku hizi nikimbadilisha nepi mguu wa kushoto haufunguki, nikiulazimisha analia, na nikimlaza chali nikamkunja magoti naona la kushoto liko chini kuliko la kulia. Kituo cha afya wakasema misuli tu imekaza, nimkande. Mi sijaridhika maana fizio mmoja (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) aliniambia watoto wasiotembea nyonga hutoka polepole hata bila maumivu mwanzoni, ndo maana wanatakiwa eksirei kila miezi 6 hadi 12, na kichwa cha mfupa wa paja kikishatoka nje ya kikombe cha nyonga kwa zaidi ya asilimia 30 aonwe na daktari wa mifupa. Wangu hajapigwa hata moja!

Sasa wenye uzoefu, nianze na hospitali ya rufaa hapa Arua au nitafute nauli niende moja kwa moja CoRSU, ile hospitali ya watu wenye ulemavu kule Kisubi? Na aliyewahi kufanyiwa mtoto wake operesheni ya kulegeza misuli, aliendeleaje baadaye? Baba yake anaiogopa hiyo kuliko bodaboda za Kampala.