Getiwei ya ghalani haifiki klaudi, wameacha poti 443 tu

fundisensa: Wakuu mbukwenyi. Nimefunga sensa za joto na unyevu kwenye ghala la mahindi Kibaigwa, zote zinaingia kwenye Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo, ndo getiwei yangu), afu data inatakiwa ipande AWS IoT, klaudi ya Amazon, kwa MQTT (itifaki ya kutuma jumbe za sensa). Kwa hotspoti ya simu inapanda freshi, nikichomeka waya wa pale ghalani kimya. Jamaa wa IT wao yuko Dodoma mjini, kasema poti 8883 ya MQTT hafungulii mtu, kutoka ni 443 tu na kuingia toka nje ndo hata usiulize. Mwenye mzigo anataka kuona unyevu kwenye simu kabla haujavuka asilimia 13.5. Niweke tu laini ya simu?

kizota_net: Laini ya nini mkuu, AWS wanapokea MQTT kwenye 443 hiyohiyo ila lazima useme ALPN (jina la itifaki linalotajwa mwanzo wa muunganisho) x-amzn-mqtt-ca. Kama unatumia Mosquitto (programu ya kupitisha jumbe za MQTT) kama daraja weka bridge_alpn. Kuingia toka nje huhitaji, Pi ndo inaanza kupiga, amri zinarudi kwenye njia hiyohiyo. Na ukichomeka laini kwenye Pi ambayo iko pia kwenye waya wao umewatobolea mlango wa nyuma, wakigundua wanakutoa na vifaa vyako.

fundisensa: Nimeweka, bado inakataa cheti. Nimepima kwa openssl s_client naona aliyetoa cheti sio Amazon, ni jina la fayawoli yao 😅

kizota_net: Basi wanafungua TLS (usimbaji unaolinda mawasiliano) katikati ili wakague. Hapo huchomoki kwa ujanja, maana Pi inajitambulisha kwa cheti chake na fayawoli haina ufunguo wa siri wa hicho cheti. Omba wakuruke kwenye ukaguzi, wape jina la endpoint yako (anwani ya AWS ambayo Pi inapiga) sio IP, IP za klaudi zinabadilika kila mara. Ukiomba njia moja, kifaa kimoja, kutoka tu, wengi wanakubali.

mama_servers: Ulizia na NTP kaka (ya kusahihisha saa kupitia mtandao), ile ni poti UDP 123 na hapo lazima imefungwa. Pi 4 haina saa ya betri, umeme ukikata ikiwaka inaendelea na muda wa zamani, data inaandikwa saa za uongo. Wakupe seva yao ya muda au funga DS3231, kile kisaa cha betri. Afu hiyo 13.5 ni unyevu wa punje, sensa zako si zinapima hewa? We angalia hewa ya kati ya magunia, ikikaa juu ya asilimia 70 ukungu unakuja, mweleze mwenye mzigo mapema asije akalinganisha na kipimo cha sokoni.

fundisensa: Duh, hiyo ya punje sikuiwaza kabisa. Barua ya IT naandika leo.