Mcheza puli anaaminika? Tupeane uzoefu, watu wa Unguja na Pemba

Mjomba wa Kikwajuni
Assalaam alaykum. Kijana mmoja ameleta barua ya posa kwa binti wa dada yangu, na wazee walipokwenda kumuulizia mtaani kwao kama ilivyo desturi, walirudi na neno moja tu: "Anacheza puli," yaani ule mchezo wa kutumbukiza mipira kwa fimbo juu ya meza. Hakuna aliyesema kuwa ni mwizi, mlevi au mtu asiyesali. Kazi yake bandarini inajulikana na mama yake anamtunza, lakini neno hilo limetosha kuifanya barua ikae kabatini bila ya jibu. Nawaomba mliocheza, mliocheza nao na mnaoishi nao mtueleze mliyoyaona wenyewe, si mliyoyasikia kwa watu.

Binti Mlandege
Wa alaykum salaam, mjomba. Mimi nimeolewa na mcheza puli na nyumba yangu ina amani. Wazazi wangu walikuwa na hofu hiyo hiyo, na sikuwalaumu, kwa sababu meza za mwanzo walizoziona wao zilikuwa kwenye baa, na kule Bara mashindano makubwa ya taifa ya mchezo huu yalibeba jina la bia ya Safari. Mzee wa Kiislamu akisikia jina hilo anaamini kwamba fimbo na chupa ni ndugu wa tumbo moja. Siku hizi mabanda mengi ya mitaani hayauzi pombe kabisa, ila sifa mbaya imeshatangulia. Mume wangu ana sharti lake: anacheza na watu wa mtaa anaowajua, na hachezi na mgeni ambaye hakuna anayejua alikotokea.

Mwalimu wa Wete
Naongeza kwamba sifa hiyo haikutokana na pombe peke yake, bali na saa pia. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alikemea hadharani vijana wanaocheza puli asubuhi badala ya kufanya kazi, na tangu hapo kijana akionekana na fimbo kabla ya adhuhuri huhesabiwa mvivu, hata kama ametoka zamu ya usiku. Sisi walimu wa skuli tunaliona jambo hilo kwa jicho jengine, kwa sababu wanafunzi wanaotoroka vipindi vya asubuhi huwa tunawakuta bandani.

Jang'ombe Fimbo Moja
Kweli kabisa, mwalimu.

Dada wa Konde
Maneno ya Binti Mlandege kuhusu mgeni asiyejulikana yamenirudisha Konde katika msimu mmoja mkubwa wa karafuu, na nitaeleza kwa urefu. Mnajua jinsi kijiji kinavyokuwa wakati wa mavuno: wachumaji wanatoka kila upande, wanalipwa kwa pishi jioni, na fedha ambazo miezi mingine hazionekani zinakuwa mikononi mwa vijana wadogo. Wakati huo ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, lilikuwa likinunua kilo ya karafuu ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000, kwa hiyo gunia la kilo 50 lilikuwa na thamani ya shilingi 700,000, na kwa bibi yetu mwenye mikarafuu michache hiyo ilikuwa ndiyo riziki ya mwaka mzima. Alizichambua makonyo mwenyewe, akazianika kwenye majamvi na kuziingiza ndani kila wingu lilipofunga, kisha akamtuma ndugu yangu mdogo, aliyekuwa na miaka kumi na saba, azipeleke kituoni na arudi na fedha.

Kwenye njia ya kurudi palikuwa na meza ya puli chini ya banda la makuti. Yaliyotokea bandani nimeyapata kwa waliokuwepo. Ya nyumbani nimeyaona kwa macho yangu. Mgeni mmoja alikuwa amefika kijijini akijiita mchumaji, ingawa hakuna aliyemuona juu ya mkarafuu. Kila jioni alicheza na vijana kwa dau dogo, akafungwa, akalipa kwa uso mkunjufu na kuwanunulia juisi ya miwa. Jioni ile alifungwa tena na ndugu yangu, akaomba dau liongezwe ili naye apate nafasi ya kurudisha chake. Pembeni alikaa mtu mwengine aliyejifanya hamjui, naye akaweka fedha zake upande wa ndugu yangu na kumtia moyo kwa sauti. Wakacheza mpaka usiku, na dau likapanda kila mara. Mchezo wa mwisho ndugu yangu alibakiwa na mpira mweusi tu, ule wa kumalizia mchezo, na mgeni alikuwa na minne mezani. Ndugu yangu alipoukosa mweusi, mkono wa mgeni, ambao siku zote ulikuwa ukitetemeka, ukatulia. Alitumbukiza minne yake mmoja baada ya mmoja, akatumbukiza na mweusi, akachukua fedha na kuondoka bila ya kusema neno.

Nyumbani, bibi alikuwa bado macho. Chakula cha mjukuu wake kilikuwa mezani kimefunikwa kawa. Ndugu yangu aliingia, akamuwekea mapajani kile kilichobaki. Bibi alizihesabu noti mara moja, akazihesabu tena, kisha akamuuliza kwa upole: "Serikali imepunguza bei?" Ndugu yangu hakuweza kujibu. Alitoka nje, na sisi tuliokuwa ndani tulimsikia akilia nyuma ya jiko. Baadaye watu waliosafiri kupitia Mkoani walisema waliwaona wale watu wawili wamekaa pamoja ndani ya boti, wakielekea Unguja.

Kijana wa Tibirinzi
Subhanallah. Swali la bibi limenishika kooni.

Jang'ombe Fimbo Moja
Dada yangu, pole sana. Lakini tuseme ukweli: aliyetumwa na amana ndiye aliyeiweka mezani. Puli haikuingiza mkono mfukoni mwake.

Dada wa Konde
Kaka, aliyetumwa alikuwa mtoto, na waliomzunguka walikuwa watu wazima wawili waliopanga kwa siku kadhaa namna ya kumvua. Ukimlaumu yeye kwanza, umewapunguzia wao mzigo.

Ustadh wa Machomanne
Nyote wawili mna haki ndani ya maneno yenu, lakini mzizi wa jambo ni kamari. Katika Surat al-Maida, aya ya 90, Mwenyezi Mungu ametaja ulevi na kamari pamoja, na katika aya inayofuata akaeleza kwamba shetani anataka kutia uadui na chuki baina yetu kwa njia hizo. Angalieni wenyewe: ndugu wawili wameanza kuvutana hapa kwa sababu ya fedha zilizopotea miaka mingi iliyopita. Mpira na fimbo ni vitu tu, na kinachoharamisha ni mali inayotoka kwa wachezaji wawili na kwenda kwa mmoja. Hata ile desturi ya "anayefungwa analipa meza" ina shubuha kubwa, kwa sababu mmoja anacheza kwa gharama ya mwenzake.

Mzee wa Keram, Mkunazini
Ustadh, hapo nakupinga kwa heshima. Kulipa meza ni ujira wa mwenye meza, si ushindi wa mchezaji. Sisi wa keram, mchezo wa kusukuma kete kwa kidole ubaoni, tumecheza barazani tangu utotoni, kete tisa nyeupe, tisa nyeusi na malkia mmoja mwekundu, na aliyefungwa huinuka akampisha mwengine. Je, kumnyima mtu nafasi ya kukaa nako ni kamari?

Ustadh wa Machomanne
Mzee wangu, anayeinuka barazani hatoi mali, kwa hiyo mfano wako unaunga mkono nilichosema. Wenye puli wakitaka kutoka kwenye shubuha, wagawane malipo ya meza sawasawa kabla ya kuanza, au zawadi itoke kwa mtu wa tatu asiyecheza.

Mzee wa Keram, Mkunazini
Kugawana nakubali. Lakini msiwaite watu wacheza kamari kwa ajili ya sarafu moja ya kufungulia mipira.

Mwenye Meza, Fuoni
Mimi ninazo meza mbili, na nataka kumjibu Dada wa Konde, kwa sababu wale watu ninawajua kwa sura ya mchezo wao ingawa siwajui kwa majina. Anayejificha anaweza kukosa kutumbukiza kwa makusudi, lakini hawezi kuuficha mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo. Msimtazame kama ameingiza au amekosa. Tazameni mweupe umesimama wapi baada ya kila pigo. Mtu asiyejua akikosa, mweupe wake unazurura na mara nyingi unamuachia mpinzani nafasi nzuri. Mtu anayejifanya hajui atakosa kwa inchi moja, na kila mara mweupe wake utatulia nyuma ya mpira mwengine, ukuache huna pa kupiga. Dalili ya pili ni yule anayechunguza meza kabla ya kuulizia dau, kwa sababu meza ikiinama kidogo tu upande mmoja, mwenye kuijua ana faida kubwa kuliko ustadi wa mgeni wake. Nawashauri vijana: mpira upigwe polepole upande mmoja na mwengine kabla ya mchezo, na ukipinda, meza iwekewe vibao miguuni.

Mpemba wa Maskati
Anachokieleza mwenye meza kimefanywa na hata mabingwa wakubwa duniani. Efren Reyes wa Ufilipino alipokwenda Marekani mwaka 1985 alicheza kwa jina la Cesar Morales, kwa sababu jina lake la kweli lilikuwa limeshaanza kuogopwa na asingepata mtu wa kuweka fedha dhidi yake. Na kwenye snuka, mchezo wa jamii ya puli, Stephen Lee wa Uingereza alifungiwa miaka 12 katika mwaka 2013 kwa kupanga matokeo. Mchezo huo huo, hata hivyo, una desturi ambayo sijaiona kwenye soka: mchezaji akigusa mpira kwa bahati mbaya, huinuka na kujitaja mwenyewe kabla mwamuzi hajaona, ingawa kufanya hivyo kunaweza kumpotezea mchezo wote.

Kijana wa Tibirinzi
Hilo nimeliona hata Chake. Jirani yetu mmoja shati lake liligusa mpira, hakuna aliyeona, naye akaweka fimbo chini na kusema, "Zamu yako." Tangu siku hiyo watu wa mtaa humuwekea yeye fedha za mchezo wa upatu.

Binti Mlandege
Kwa ushauri wangu, msiulize kama anacheza. Ulizeni anacheza na nani.

Mwalimu wa Wete
Mimi ningeuliza anacheza saa ngapi.

Jang'ombe Fimbo Moja
Mimi ningeuliza akifungwa anafanya nini. Mtu huonekana akifungwa. Na wewe Dada wa Konde, nimeyasoma tena uliyoyaandika, na nakubali kwamba watu wazima wale ndio wa kwanza kulaumiwa. Tafadhali tueleze, ndugu yako aliishia wapi?

Dada wa Konde
Ahsante, kaka. Sheha aliwaita wazee na mwenye meza. Fedha walizochukua wale watu hazikupatikana, lakini mwenye meza alirudisha ada yote aliyoikusanya usiku ule na kupiga marufuku dau katika banda lake. Ndugu yangu alichuma karafuu za watu msimu mzima uliofuata na kumlipa bibi pishi kwa pishi. Bibi alizipokea zote, kwa sababu alisema akimsamehe kabla hajamaliza, mtoto hatajua kuwa amelipa.

Mwenye Meza, Fuoni
Nami nimeshabadilisha utaratibu baada ya kusoma ya Ustadh: wachezaji wawili wanalipa nusu kwa nusu kabla sijafungua mipira, asiye na nusu yake anangoja, na wanafunzi hawapewi fimbo kabla ya saa kumi jioni.