Mrejesho: Nimechukua .375 H&H

Wakuu, niliuliza nichague risasi ya kaliba (upana wa risasi, kwa inchi) gani kwa bunduki moja tu ya kuwindia kongoni, pofu na, nikipata kibali, nyati. Nimeamua: .375 H&H Magnum (ya kampuni ya Holland & Holland).

.30-06 niliipenda, haichoshi bega, ila kwa nyati sheria ya hapa Tanzania haitaki chini ya .375. Ningelazimika kununua ya pili. .458 nguvu inayo, lakini pofu akiwa mita 200 risasi yake inashuka mno.

Hii .375 ya mwaka 1912 bado haijazeeka. Kichwa cha risasi cha greni 300, yaani gramu 19.4, hutoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde. Natumia chenye ncha laini kwa kongoni na pofu. Kigumu, kisichotanuka kikipiga, nakiweka kwa nyati tu. Kwenye kundi kinaweza kumtoboa mmoja kikamjeruhi wa nyuma yake.

Teke la bunduki begani lipo, tusidanganyane! Aliyenishauri nifanye mazoezi nimesimama badala ya kulala, shikamoo mzee, bega linakushukuru. Sasa natafuta darubini ya bunduki isiyokuza sana, ya kufaa vichakani. Wenye uzoefu?